Damian Rutashobya na Rozari ya Kupozea Injini

Tumsifu Yesu Kristo, wasikilizaji wapendwa. Na wewe usiye Mkristo, nakusalimu kwa salamu ya nyumbani kwenu. Kama uko jikoni, endelea kumenya ndizi, sauti itakufikia. Kama uko kwenye usukani, punguza mwendo kidogo, maana leo tunamkumbuka dereva.

Dereva huyo ni Damian Rutashobya. Narudia jina, Damian Rutashobya. Wengi mlimwita Ta Damian, yaani Mzee Damian. Alifariki mjini Bukoba baada ya kuugua kwa muda mfupi, na Jumamosi tumemzika Muleba, katika kibanja chake, kati ya migomba aliyoipanda kwa mikono yake.

Nilikwenda kumwona mjane wake, Ma Alistidia. Nilimkuta amekaa kwenye majani yaliyotandazwa kwa ajili ya msiba, miguu ameinyoosha. Nilimuuliza mume wake aliugua nini. Akasema, "Aliugua uchovu. Na mimi nauugua huo huo. Andika hivyo."

Basi nimeandika hivyo, na nimesoma hivyo.

Wasikilizaji wapendwa, Ta Damian hakuwa kiongozi wala mfanyabiashara. Alikuwa dereva wa lori. Kama ulipita barabara ya Bukoba na Muleba miaka ile, na ukakuta watu wamekaa kwenye majani kando ya lori lililofunguliwa boneti, wanasali rozari, basi ulipita karibu naye. Leo nataka niwaeleze rozari ile ilitoka wapi, na siku moja ilikwenda vipi.

Turudi nyuma. Ni mwaka wa uhuru, mwezi wa Desemba. Mkoa wetu wakati huo uliitwa Ziwa Magharibi. Damian ni kijana, ameajiriwa na Bwana Suryakant, mwenye duka mjini Bukoba. Kazi yake ni kupeleka chumvi, mafuta ya taa na vitambaa vijijini, na kurudi na kahawa. Siku ya uhuru Bwana Suryakant akampa ruhusa kupakia watu wa Muleba, waende mjini kuiona bendera mpya.

Lori lilijaa. Watu waliimba tangu walipopanda. Mvua ilikuwa imenyesha, tope lilikuwa zito, na lori lilipanda milima kwa gia ndogo. Mshale wa joto ukaanza kupanda nao. Ukavuka katikati. Ukafika kwenye rangi nyekundu.

Damian aliuona. Hakuficha jambo hili maisha yake yote. Alisema, "Niliuona mshale, lakini niliwasikia pia wanaoimba. Nikawafuata wanaoimba."

Lori likachemsha. Mvuke ukafunika kioo chote. Damian akaruka chini, akafungua boneti, akashika kifuniko cha rejeta kwa mkono mtupu, akakizungusha. Maji ya moto yakamrukia kuanzia kiganja mpaka kwenye kiwiko.

Waliokuwepo wanasema hakupiga kelele. Alikaa tu chini kwenye tope.

Kati ya abiria alikuwepo mama mmoja aitwaye Celina. Mkumbukeni huyu Ma Celina, tutamkuta tena. Alishuka, akakata jani changa la mgomba, akamfunga Damian mkono. Kisha akatandika kitenge chake pembeni mwa barabara, akatoa rozari.

Mwanamume mmoja akamwambia, "Ma Celina, sisi tunakwenda kwenye bendera, wewe unafungua kanisa?"

Akajibu, "Injini ina homa. Mtu mwenye homa humvui nguo kwa nguvu. Kaa chini usali. Tukimaliza itakuwa imepoa."

"Na isipopoa?"

"Tutaongeza Litania."

Watu walicheka, lakini walikaa. Ma Celina alisali polepole. Waliomjua wanasema ndani ya Salamu Maria yake moja ungeweza kuchambua kikombe cha maharage. Walipomaliza, Damian akakigusa kifuniko kwa kitambaa, akakifungua taratibu, na hakikulia. Wakaongeza maji, wakaenda.

Walifika Bukoba sherehe imekwisha. Bendera ilikuwa imeshapandishwa zamani, na watu walikuwa wanarudi makwao. Walisimama wakaitazama. Yule mwanamume akasema, "Si ile pale? Bado ipo." Wakapanda lori, wakarudi.

Tangu siku hiyo Damian akawa na utaratibu wake. Sisi hatukuwa na saa za mkononi. Yeye akaifanya rozari kuwa saa. Mshale ukipanda, anasimama. Anazima injini. Anafungua boneti, kifuniko hakigusi. Anawaambia abiria, "Waitu, tukae," yaani ndugu zetu, tukae. Rozari moja nzima inasaliwa polepole. Halafu kitambaa, halafu kifuniko, halafu maji.

Alitaniwa sana. Walimwita Padre wa Boneti. Wengine wakipanda walimuuliza, "Leo ni matendo ya uchungu, au rejeta yako ni nzima?" Hata Bwana Suryakant, ambaye dini yake ilikuwa nyingine, alimwita siku moja dukani mbele ya wateja.

"Damian, nasikia gari langu linakwenda kwa Salamu Maria."

"Hapana, Bwana. Linakwenda kwa petroli."

"Sasa kusali kwa nini?"

"Kusali ni kwa ajili ya kusimama, Bwana. Bila kusali hawatulii."

Bwana Suryakant akafikiri, akasema, "Basi uwasalishe na wateja wangu wa mkopo." Duka zima likacheka. Baada ya miaka michache alihama na familia yake. Ta Damian aliniambia hakupata tena tajiri aliyempa nafasi ya kusubiri kama yule.

Wasikilizaji wapendwa, ikaja miaka ya ujamaa. Wengi wenu mnaikumbuka. Watu walitoka huku juu kwenye migomba wakateremka Kimwani kuanzisha kijiji. Ta Damian na Ma Alistidia walikuwamo. Ma Celina alikuwamo pia, pamoja na binti yake Kokuhirwa na mkwe wake Datius. Huko chini ni joto, maji ni ya mbali, na mgomba unakua kwa kulazimishwa. Walilima pamba na mahindi. Mchana ni jembe, jioni ni kisomo. Mimi nilimfahamu Ta Damian kwenye kisomo hicho. Tulikaa benchi moja, watu wazima wenye magoti yaliyogusa meza, tunasoma silabi kwa sauti. Mara nyingi alisinzia. Mwalimu akimwamsha, alisema, "Sikulala, Mwalimu. Nilikuwa napoa."

Kijiji kilipata lori. Lilikuwa limechoka tangu siku lilipofika, lakini lilikuwa letu. Lilibeba pamba, lilibeba mahindi, lilibeba wagonjwa. Ta Damian akakabidhiwa.

Sasa sikilizeni hapa. Mpira wa kupeleka maji kwenye rejeta ulikuwa umeanza kupasuka. Maji yalivuja kidogo kidogo, na maji yakipungua injini inapata joto. Ta Damian aliifunga ile sehemu kwa ukanda wa tairi kuukuu, na kila safari alibeba debe la maji. Alikwenda kwenye kamati ya kijiji akaomba mpira mpya. Wakamwambia vipuri hakuna. Alikwenda tena. Hakuna. Na kweli havikuwepo, simlaumu mtu. Ilikuwa miaka ya kuambiwa hakuna. Mtu unaomba mpaka unaona aibu ya kuomba.

Ulikuwa mwaka sabini na nne, wakati wa kiangazi. Kokuhirwa, binti wa Ma Celina, alishikwa na uchungu wa uzazi. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Uchungu ulianza jana yake, na asubuhi mkunga wa kijiji akasema, "Huyu si wangu tena. Mpelekeni hospitali."

Hospitali ya misheni ilikuwa juu, upande wa Muleba. Walimlaza Kokuhirwa nyuma ya lori, juu ya magunia ya pamba. Mama yake akakaa kichwani, mume wake miguuni. Wakaondoka.

Kokuhirwa yupo hai. Nimeongea naye wiki hii. Aliniambia, "Tambarare tulikwenda vizuri. Nilihesabu miti. Halafu lori likainua pua, nikajua tumeanza mlima. Halafu likasimama."

Datius alikuwa wa kwanza kuruka chini. Naye yupo, na amenipa ruhusa kusema haya.

"Ta Damian, mbona umesimama?"

"Mshale umefika kwenye nyekundu."

"Na mke wangu yuko kwenye rangi gani?"

"Tukiendelea hivi injini itakufa kabla ya kilele. Tutabaki wote hapa, na yeye."

"Basi mimina maji. Debe si hili hapa?"

"Rejeta bado ni ya moto, Datius. Ukiifungua sasa inatumwagia yote. Ma Celina, waitu, tuanze."

Ma Celina akaanza rozari palepale juu ya lori, kichwa cha mwanawe kikiwa kwenye mapaja yake. Ta Damian alisimama mbele, mgongo amewapa, anaitazama rejeta. Alikuwa anasubiri Amina ya mwisho, kama alivyozoea.

Kokuhirwa anasema, "Nilimsikia mama. Maisha yangu yote nilikuwa nikichoshwa na rozari ya mama kwa urefu wake. Siku ile sikuitambua. Salamu Maria moja ilipanda juu ya nyingine. Maneno hayakuisha, yalikatwa. Kila nilipolia, yeye aliongeza mwendo."

Amina ikafika. Ta Damian akachukua kitambaa, akashika kifuniko, akazungusha.

Haikuwa imepoa.

Maji yaliruka juu kuliko boneti. Mkono uleule ulioungua siku ya uhuru ukaungua tena, na shingo. Akaanguka kwenye majani. Datius, kwa kuona maji yote yamemwagika, akanyanyua debe akamimina maji baridi kwenye injini ya moto. Alitaka kusaidia. Ta Damian alimkataza akiwa chini, lakini debe lilikuwa limeshainama. Ikasikika sauti moja, kama chungu kinapopasuka motoni. Silinda hedi, kile kichwa cha injini, ilikuwa imepasuka. Lori lile halikuwaka tena.

Wanaume waliokuwa mashambani walikuja. Walifunga engozi, ile machela yetu ya miti na kamba, wakampandisha Kokuhirwa mlima mabegani, wakipokezana. Ta Damian alifuata nyuma, mkono umefungwa jani la mgomba.

Walifika jua linaelekea kuzama. Kokuhirwa aliokolewa. Mtoto alikuwa wa kike, naye alikuwa amekwisha kufariki. Bibi yake alimpa jina Immakulata, akazikwa hukohuko. Kokuhirwa hakupata mtoto mwingine.

Wasikilizaji wapendwa, ngoja nivute pumzi kidogo.

Baada ya msiba kijiji kiliitisha mkutano. Lori la watu wote limekufa, lazima mtu aulizwe. Mwenyekiti akamsimamisha Ta Damian.

"Dereva, wewe ndiye unayetufundisha kusubiri. Ulifungua kabla ya wakati?"

Ta Damian akasema, "Ndiyo. Nilifungua kabla ya wakati."

Akakaa. Mkutano ukaanza kunung'unika. Mtu mmoja nyuma akasema, "Padre wa Boneti ameruka misa." Wengine wakacheka, kicheko kibaya.

Hapo Ma Celina akasimama. Alikuwa amevaa kaniki ya msiba. Akasema, "Rozari ilikuwa yangu. Niliikimbiza."

Mwenyekiti aliangalia karatasi zake, akaangalia mlango. Kamati inajua kuamua habari ya jembe lililopotea. Rozari iliyokimbizwa ingeamuliwa na nani? Wakafunga mkutano. Ta Damian akarudi kwenye pamba kama wengine, kwa kuwa hapakuwa na lori la kuendesha.

Nilimuuliza Ma Alistidia, "Mumeo hakuwahi kumlaumu yule mama?"

Akasema, "Nilimuuliza usiku mmoja tu. Nilimwambia, wewe una masikio, hukusikia kwamba anakimbia? Akaniambia, nilisikia. Nilisikia tangu tendo la kwanza la rozari. Lakini nani atamwambia mama asali polepole, na mwanawe analia? Akageukia ukutani. Nikadhani amelala. Halafu akasema, na mimi nilitaka iishe, Alistidia. Nilitaka iishe kama yeye."

Hayo ndiyo maneno yake. Nayarudia, kwa sababu nimekaa nayo wiki nzima nikisali, na bado yananilemea. Na mimi nilitaka iishe kama yeye.

Ma Celina aliishi miaka mingi baada ya hapo. Kwenye jumuiya walipomwomba aongoze rozari, alisema, "Aongoze mwingine. Mimi nitaitikia." Hakuongoza tena mpaka kufa. Ta Damian baadaye alirudi Muleba akaajiriwa na parokia kuendesha gari, na kila alipoteremka Kimwani alipita kwake. Walikaa mlangoni. Yeye aliongoza, polepole sana, na mama yule aliitikia. Hawakuizungumza siku ile. Kokuhirwa anasema aliwaletea kahawa, akawaacha.

Madereva wengi wa huku walijifunza kwake. Aliwaambia mambo yaleyale, kwa sauti ileile ya mtu aliyechoka kurudia. Mshale ukipanda, au taa nyekundu ikiwaka, simama. Zima injini. Usifungue kifuniko kikiwa cha moto. Usimimine maji baridi kwenye injini ya moto. Subiri. Walipomuuliza wasubiri kiasi gani, alisema, "Rozari moja. Lakini isaliwe na mtu asiye na haraka. Kama wote mna haraka, salini mbili."

Sasa niwaeleze Jumamosi.

Mwili ulichukuliwa Bukoba asubuhi, kwa gari dogo la mizigo. Mbele walikaa dereva na Kokuhirwa, ambaye sasa ni bibi mwenye mvi. Nyuma tulikaa sisi na jeneza. Tulipita njia panda ya Kemondo, tukaanza kupanda. Kwenye mlima mmoja nikasikia mwendo unapungua. Nikasikia pia mabishano, maana kioo cha nyuma kilikuwa wazi.

Kokuhirwa alisema, "Hiyo taa nyekundu ni ya nini?"

"Ni joto, mama. Usijali, imebaki milima miwili tu."

"Simama."

"Mama, watu wanangoja maiti. Padre ameshafika."

"Maiti mwenyewe hana haraka. Simama, mwanangu."

Dereva akaegesha, akazima. Alifungua boneti kwa hasira kidogo. Sisi tukashuka. Tukaliteremsha jeneza pia, tukaliweka kwenye majani, maana haikuwa vizuri kumwacha juu peke yake.

Kokuhirwa akatoa rozari. Ilikuwa ya mama yake. Hakutuuliza nani ataongoza. Alianza mwenyewe, na alisali polepole, wasikilizaji wapendwa, polepole mpaka nikasikia nyuki kwenye maua ya kahawa ng'ambo ya barabara. Magari yalipita. Simu za watu zililia, wakazizima. Mzee mmoja akamsogelea akanong'ona, "Ma Kokuhirwa, kaburi liko wazi." Yeye akamaliza Salamu Maria aliyokuwa nayo, akaanza inayofuata.

Datius alikuwa amesimama karibu na boneti, mikono nyuma. Dereva alipotaka kuchukua dumu la maji, Datius aliweka mkono wake juu ya dumu. Aliuacha mkono pale mpaka mwisho.

Amina. Kokuhirwa akamtazama dereva, akatikisa kichwa kwamba bado. Akaanza Litania.

Baada ya Litania dereva alishika kitambaa, akakizungusha kifuniko. Hakikutoa sauti. Datius akanyanyua lile dumu mwenyewe, akamimina maji kidogo kidogo. Hakumwaga hata tone.

Tulifika tumechelewa sana. Watu walikuwa wamechoka na jua, na padre alikuwa amekaa kwenye kiti chini ya migomba. Ma Alistidia alisimama kwa msaada wa mkongojo wake, akaja mpaka kwenye gari.

"Lilichemsha?"

Kokuhirwa akamjibu, "Lilichemsha."

"Mlisubiri?"

"Tulisubiri, Ma."

Ma Alistidia akaweka mkono juu ya jeneza. Akasema, "Haya. Mshusheni."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kituo hiki natoa pole kwa Ma Alistidia, kwa watoto na wajukuu wa marehemu, kwa Ma Kokuhirwa na Ta Datius, na kwa madereva wote waliofundishwa na Damian Rutashobya. Mungu awape nguvu, na awape usingizi, maana najua mmechoka.

Nawaomba jambo moja. Kila mmoja wetu ana mahali anapokimbilia sasa hivi, na anaona taa imewaka mbele yake. Leo jitazame, uone ni taa gani. Mimi nazima muziki kwa muda. Tutakaa kimya pamoja, kila mtu kwa dini yake, kumwombea Ta Damian na yule mtoto Immakulata. Uliye barabarani, egesha. Usiangalie saa.